Kwa Atim, Juu ya Huku Kujinyima Chakula

Kasese, Jumamosi jioni

Atim mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Bwera kumuaga baba yako na bado hujarudi. Begi lako liko mlangoni, limefungwa tayari, na kesho saa kama hizi utakuwa Fort Portal katika chumba ambacho ufunguo wake ni wako peke yako. Nimeona nikuandikie, maana haya ninayotaka kusema nikiyasema kwa mdomo tutagombana. Wewe utasema, "Mama, wacha bwana," mimi nitapandisha sauti, Masika wa nyumba ya pili atakuja kutuamua kama kawaida yake, na kesho basi likuchukue tukiwa tumenuniana. Kwa hiyo nimenyamaza, nimeshika kalamu.

Sitaandika habari za wanaume, wala za kusali, wala za kufunga mlango usiku. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mdogo, na kama hayajakuingia hayatakuingia leo. Nataka kuongea nawe juu ya chakula. Najua hapo umeshakunja uso.

Jumapili iliyopita ulianguka ukiimba kwaya. Wewe hukujiona, mimi nilikuona. Nilikuwa benchi ya tatu, nikaona mdomo wako umeacha kuimba kabla ya wengine, macho yakapanda juu, ukaenda chini na kitabu cha nyimbo mkononi. Watu walisema ni joto la Kasese. Pale kliniki nesi alikupima presha mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini. Msichana wa miaka ishirini na mbili ana presha ya nyanya yake! Akakuambia kwa upole kwamba unatakiwa upunguze mwili. Halafu akakuuliza, "Leo umekula nini?" Ukajibu, "Chai na mkate."

Atim, hukuwa umekula chai wala mkate. Tangu Ijumaa jioni tumboni mwako kulikuwa na maji ya ndimu na yale majani yako ya pakiti ya kijani yanayokukimbiza chooni. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sikusema kitu, kwa sababu niliona aibu mbele ya nesi. Hilo limenikera wiki nzima.

Basi niseme wazi. Kupungua unatakiwa kupungua, sitakudanganya kama shangazi zako wanaosema huo ni mwili wa ukoo. Nyanya yako, mama yangu, presha hiyo hiyo ilimwangusha jikoni kule Busia akiwa bado na nguvu za kulima, na hakuamka tena. Lakini njia uliyoichukua wewe itakumaliza kabla presha haijapata nafasi. Ndiyo maana nimeacha kufua na kupika, nimekaa hapa naandika.

Na ile sketi. Yule mama wa hoteli aliyekupa kazi ya mapokezi alikukabidhi sketi iliyoshonewa mtu mwingine, akasema ukifika kazini iwe imekuingia. Leo ulipoondoka nimeifumua. Ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa cha kutosha, nimeiongeza vidole viwili kila upande na kuishona upya. Ukitaka kukasirika, kasirika. Itakuingia Jumatatu, tena ukiwa umekunywa chai.

Mimi si mwembamba wa kukufundisha wembamba, unaniona nilivyo. Ninayokuandikia ni ya mtu aliyepita njia hiyo hiyo akarudi mikono mitupu. Mengine sijawahi kukusimulia kwa sababu yanamhusu baba yako, na sikutaka umchukie kupitia mdomo wangu. Sasa umekuwa mtu mzima, utaamua mwenyewe.

Nilipoolewa na kuletwa kambini hapa Kasese nilikuwa na kiuno. Baba yako mtu wa Lira, mimi wa Busia upande wa Kenya, tulikutana ugenini tukiongea Kiswahili, na ulipozaliwa akakuita Atim, kwa vile kwao ndilo jina la mtoto aliyezaliwa mbali na nyumbani. Kambini askari wametoka kila pembe ya Uganda na hawaelewani juu ya mambo mengi, lakini juu ya jambo moja wote ni kitu kimoja: mke wa askari lazima aonekane analishwa. Mke mgeni akifika amekonda, wanawake bombani humwangalia yeye, halafu humwangalia mume wake. Nilipoanza kunenepa baba yako alitembea kifua mbele. "Muone mama Atim," alikuwa akiwaambia wenzake. "Posho ya serikali nafanya kazi!"

Na jinsi nilivyonenepa, sikiliza vizuri, maana ni tabia uliyoichukua kwangu. Sahani ya kwanza ilikuwa ya baba yako, na nyama yote humo. Ya pili ya mgeni, na kambini hakukosi mgeni. Ya tatu yako. Mimi sikuwa na sahani. Nilikula nikiwa nimesimama jikoni: ukoko wa ugali wa posho sufuriani, mchuzi uliobaki, nusu ya chapati uliyoacha wewe, maharage ya kuonja chumvi, kisha ya kuonja tena. Jioni ungeniuliza nimekula nini ningekuapia kwamba sijala. Nilikuwa nikimlalamikia Mungu kwamba ninanenepa kwa hewa, na nilikuwa nasema kweli kama nilivyoijua.

Wewe unashinda njaa mchana kutwa, halafu tukishalala nasikia mfuniko wa sufuria. Posho baridi, kwa vidole, taa imezimwa. Usiniambie ni panya.

Baba yako akapandishwa cheo, akawa sajenti, akaanza kuona aibu ya vitu ambavyo zamani alijivunia. Krismasi moja kulikuwa na sherehe kambini, ng'ombe amechinjwa, soda kwa kreti. Nilikuwa nimeketi benchi na wake wengine wa askari. Yeye alikuwa amesimama na kundi lake, chupa mkononi, akasema kwa sauti ya paredi: "Afande ameniuliza kama niko na bibi moja ama mbili. Angalieni, benchi yote imejaa mutu moja!" Kambi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, Atim. Nilicheka kuwashinda wote. Halafu nikaenda nyuma ya jiko, nikala nyama ya mbavu iliyokuwa imewekewa mbwa wa afande, nikaimaliza. Njaa sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshiba wali na kuku.

Nakuambia hili kwa sababu litakupata. Siku yule mama wa hoteli atakapokufokea mbele ya wageni, na atakufokea, jioni utajikuta kwa muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, pale barabarani ukiagiza chapati mbili na mayai matatu. Utadhani ni njaa. Ukiijua hiyo mapema, utakula ukijua unachokula na kwa nini, na pengine chapati moja itatosha.

Basi baada ya Krismasi hiyo nikaamua nipungue. Sasa sikia ujinga wangu, na ucheke, nakuruhusu. Niliwaangalia wanawake wa Kikonzo wanaoshuka mlimani siku ya soko, mzigo wa kahawa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hakuna hata mmoja mwenye kitambi. Nikauliza wanakula nini. Nikaambiwa bundu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe, ndiyo kisamvu. Nikasema, kumbe! Siri yote ni bundu! Nikaachana na posho, nikaachana na wali, nikawa nasonga bundu asubuhi, mchana na jioni. Na kwa kuwa niliamini inakondesha, nilikula nikajiongeza. Mboga nikaikata, nikidhani mafuta yake ndiyo adui yangu. Maharage nikayaacha kabisa kwa sababu yanajaza tumbo. Miezi miwili baadaye gauni la kanisani halikufunga zipu.

Masika ndiye aliyenivua ujinga huo, tena kwa kunicheka. Ndiyo kwanza alikuwa amehamia jirani na kambi baada ya mto Nyamwamba kubomoa nyumba yao kule Kilembe. Aliingia kuomba chumvi akanikuta na bundu la kulisha wanaume watatu, bila mboga, bila mchuzi. Akashika kiuno.

"Mama Atim, wewe nakula bundu kama mutu ya mulima," akasema. "Lakini mulima yenyewe unapanda saa ngapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu yangu. Nilimnunia wiki mbili, kisha nikarudi kwake, maana nilikuwa sina mwingine.

Wewe utakaa kwenye kiti cha mapokezi kutwa nzima. Chakula cha mwanamke anayeteremsha kahawa kutoka mlimani si chako, hata kama yeye ni mwembamba. Na hao mabinti wa kwenye simu wanaokuonyesha glasi ya maji ya kijani asubuhi, hujui maisha yao mengine. Hujui wanakula nini wakishaizima kamera. Umewaamini kuliko ulivyomwamini nesi aliyekushika mkono.

Haya. Baba yako akahamishiwa Bwera, mpakani. Alisema nyumba aliyopewa kule ni ndogo, mimi nibaki Kasese kwa sababu ya shule yako. Nikawa nakwenda kumwona mara moja moja. Katika safari mojawapo nikapita soko la Mpondwe, nikamwona mama kutoka ng'ambo ya Kongo amepanga mafungu ya mizizi na majani makavu mbele yake. Alinipima kwa macho kabla sijafungua mdomo.

"Mama, njoo nikuonyeshe," akasema. "Hii iko tizani ya tumbo. Unakunywa asubui na mangaribi, mu wiki mbili tumbo yote iko inaisha. Hata bamama ya Butembo beko banakunywa hii. Lakini chakula, unaacha. Ni rejime."

Nikaacha. Kikombe cha majani asubuhi, kikombe jioni, katikati ndizi moja. Unajua jinsi majani hayo yanavyofanya, sina haja ya kukueleza. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikienda kuchota maji, ndoo naiweka chini mara mbili kabla ya kufika. Lakini nguo zikalegea! Nilijitazama kwenye kile kioo cha baba yako cha kunyolea, kipande kwa kipande kwa sababu ni kidogo, nikaona mifupa ya shingo ambayo sikuwa nimeiona tangu nikuzae, nikafurahi. Usidhani siijui furaha hiyo. Juzi ulipovaa gauni la njano likakuzunguka mwilini, nilikuona ulivyotabasamu peke yako. Nililitambua tabasamu hilo na niliogopa.

Kambini hawakufurahi pamoja nami. Huku kwetu mtu mnene akikonda ghafla, watu hawamuulizi amekula nini. Wanakumbuka waliowazika waliokonda hivyo. Wanawake wakaanza kuniletea maziwa, kikombe kimefunikwa kwa kitambaa, wananiangalia kwa huruma. Mmoja alinivuta pembeni bombani.

"Mama Atim, usiogope kitu," akaninong'oneza. "Dawa iko, tena ya bure. Mutu nakunywa na nakaa miaka mingi, hata mimi najua wengi."

Nilikwenda kupima ili niwafunge midomo. Nikaambiwa niko mzima. Sasa utafanya nini, ubandike karatasi mlangoni? Baba yako alipokuja likizo tayari maneno yalikuwa yamemfikia Bwera. Alinifokea kama kuruta, wewe ukiwa umejificha nyuma ya pazia.

"Wewe mwanamke unanichafulia jina! Watu nasema mimi sikulishi. Wengine nasema nimekuletea magonjwa. Unataka nini? Kula! Hiyo ni oda!"

Mwaka uliopita nilikuwa najaza benchi. Mwaka huu nilikuwa namchafulia jina. Mwili ni wangu, lakini kila mtu kambini alikuwa na la kusema juu yake isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshika tu kikombe cha majani nikisubiri waridhike.

Nikaona nimfurahishe. Nilinunua samaki wa Hamukungu, ngege wawili wakubwa, nikakuacha kwa Masika, nikapanda gari kwenda Bwera bila kumwambia. Ulikuwa na miaka tisa. Nilifika saa ya chakula cha mchana. Jikoni kulikuwa na mwanamke anakaanga makayabu, wale samaki wa chumvi wa Kikongo, kwa mafuta ya mawese. Ndiye unayemwita mama mdogo. Alikuwa mnene, Atim. Mnene kunizidi hata siku ile ya sherehe. Na baba yako ameketi, vifungo vya shati wazi, anakula kwa raha. Raha hiyo kwangu sikuwahi kuiona.

Aliponiona tonge lilimbaki mkononi. Yule mwanamke akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Sidhani alikusudia ubaya, alisema tu alichokiona.

"Karibu mama. Ikala hapa, ukule kidogo," akasema, akanisogezea kiti. "Uko mukondefu sana."

Nikakaa. Nikala. Mungu ananiona, nilikula bundu yake na sombe yake na makayabu yake mpaka sahani ikawa nyeupe. Akaniongeza, nikamaliza tena, machozi yananitiririka, mume wangu ananitazama. Nilikuwa na njaa ya miezi mitatu. Wale ngege wangu niliwaacha pale mlangoni, na mpaka leo sijui nani aliwala.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa. Unene wangu haukuwa kesi hata siku moja. Alitaka kwenda, akatafuta la kusema, na mwili wangu ulikuwa karibu. Na mimi nilijikausha nusu ya kufa kwa ajili ya mtu ambaye hata kunitazama alikuwa ameacha. Miaka kumi na mitatu imepita na bado nikikumbuka nauma meno. Simsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe.

Mwili ulirudi wote, ukaja na ziada, na presha ikapanda juu yake. Ndipo vikaanza vidonge unavyoniona navyo kila asubuhi.

Kula vizuri nilijifunza nimechelewa. Nesi alinitajia vyakula, nikatikisa kichwa, nikarudi jikoni kusimama kama zamani. Halafu siku moja, kwa uchovu tu, nikachukua sahani nikaanza kuweka humo kila kitu nilichokuwa karibu kukitia mdomoni nimesimama. Ukoko, mchuzi, kipande cha andazi, wali wa jana, maharage, tena ukoko. Nilipomaliza niliitazama ile sahani nikaona haya, na hakukuwa na mtu ndani ya nyumba. Ningempelekea fundi wa ujenzi angebakiza.

Tangu siku hiyo napakua na nakaa chini. Naanza na dodo, mchicha wetu wa hapa, mwingi, umechemka na nyanya na kitunguu na mafuta kidogo tu. Halafu maharage, au samaki wa kuchemsha. Yale maharage niliyoyafukuza ndiyo yanayonishikilia mpaka jioni nisitafute maandazi. Bundu au posho naweka mwisho, kiasi cha ngumi yangu, na ngumi yangu unaijua. Parachichi nakula. Papai nakula. Mchuzi wa karanga naupenda mno, huo nimeuwekea Jumapili, na Jumapili naula bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Kilichonishangaza ni chai. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa kijiko cha mafuta kwenye mboga, na huku nakunywa chai ya maziwa tangu alfajiri mpaka kulala, kila kikombe sukari ya kusimamisha kijiko, na akija mgeni nakunywa naye nyingine. Soda za harusini sikuzihesabu, niliona ni maji ya sherehe. Sasa chai nainywa bila sukari na bado naichukia. Sijaizoea, usidanganywe na wanaosema utazoea. Nainywa hivyo hivyo.

Nimepungua, kidogo kidogo, taratibu mpaka kambini hakuna aliyegundua, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwani hakuna aliyeniletea maziwa. Presha imeshuka, nesi ndiye aliyesema. Bado ni mnene. Lakini ndoo naibeba mpaka nyumbani bila kuiweka chini.

Hotelini watawapa wafanyakazi yaliyobaki, chipsi za jana na wali wenye mafuta, na soda ya bure. Utakuwa na njaa na utakuwa umechoka. Omba maharage, jikoni hayakosekani. Asubuhi usitoke bila kula, hata yai na ndizi, maana ukitoka mtupu mchana utakula kwa wazimu. Matoke ya Fort ni matamu, usiyakatae, weka machache na mboga ijae. Sina zaidi ya hapo. Sijifanyi daktari, na wewe una akili kunizidi, ila akili hiyo umeikodisha kwa watu wa kwenye simu.

Leo uko mezani kwa yule mwanamke. Najua amekupikia, na najua umesema umeshiba. Baba yako atakuwa amekutazama akasema ama umenenepa ama umekonda, katikati hajui kuna nini. Neno lake uliache huko huko Bwera. Lakini chakula cha yule mama, siku nyingine akikuwekea, kula. Nina mengi moyoni juu yake, Mungu anayajua, ila siku ile yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba nina njaa.

Jua limeshuka nyuma ya mlima na sasa nasikia gari limesimama barabarani, na sauti yako unamsalimia Masika. Utaingia, nitakuuliza kama umekula, utasema ndiyo, na mimi nitajifanya nimeamini. Kuanzia kesho hata wa kumdanganya hutakuwa naye. Utakuwa wewe na sufuria yako.

Nina mtoto mmoja. Sitaki simu kutoka Fort. Sitaki mtu wa hoteli nisiyemjua aniambie kwa sauti ya upole, mama, keti kwanza. Mama yangu nilimwosha kwa mikono hii, nikamvalisha, na nilikubali, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto na yeye alikuwa mzazi, na ndivyo inavyotakiwa kwenda. Mimi ndiye nifuate, na wewe ndiye uje kunivalisha, ukiwa mnene au mwembamba, sijali, mradi uwe na nguvu za kuninyanyua.

Nilikuzaa unizike, Atim. Usinipe mimi kazi hiyo.

Mama yako,
Nekesa